Safari Yetu ya Kuuona Mji wa Bibi Hanna

Jamani, mmeuliza sana. Kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla hata sijafunga vifungo vya koti, kuna mtu ananishika mkono: "Baba Upendo, hebu tuambie, huko Ujerumani waliwalisha nini?" Maana mmeona wenyewe kwamba tangu turudi nimeacha zamu ya usiku, niliyoifanya tangu tulipofika nchi hii, na Mama Upendo anacheka njiani kama msichana. Wengine wamesema tumeokota dhahabu. Wengine, nasikia, wamesema nimepata dawa. Nimechoka kusimulia vipande vipande mlangoni mwa kanisa, huyu akasikia mwanzo, yule akasikia mwisho, na wote wakachanganya. Nimeamua kukaa chini niandike yote mara moja. Habari za tiketi na viza sitazieleza. Mnazijua, na hazina utamu.

THORNCLIFFE PARK, KABLA YA KUONDOKA

Mke wangu Naomi, kama mjuavyo, hutunza watu katika nyumba ya wazee. Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha mikate, Downsview, hapa hapa Toronto, usiku kucha. Kwa hiyo ndoa yetu ilikuwa ndoa ya mlangoni. Mimi naingia na baridi mgongoni, yeye anatoka na mkoba begani. "Chai iko kwenye chupa." "Haya, nenda salama." Mchana nalala, jioni yeye akirudi mimi navaa viatu. Hatukugombana kamwe. Tungegombana saa ngapi? Tulizungumza kwa vyakula. Nikikuta maharage yameungwa kwa nazi, najua amefurahi. Akikuta sufuria zimesuguliwa, anajua nashukuru.

Miongoni mwa wazee aliowatunza alikuwepo bibi mmoja wa Kijerumani, Bibi Hanna. Naomi alimwogesha na kumvisha kila asubuhi kwa miaka mingi, na bibi yule kwa Kiingereza chake cha kuokoteza alimsimulia mji aliozaliwa: ngome juu ya mwamba, vichochoro vya mawe, keki ya zambarau za kwao. Mji wenyewe unaitwa Quedlinburg. Naomi aliponitajia mara ya kwanza nilidhani ni kwetu Handeni. Si tuna Kwediboma? Si tuna Kwedizinga? Basi nyumbani tukauita Kwedi, ukabaki hivyo.

Majira ya baridi Bibi Hanna akafariki. Siku chache baadaye, pale pale mlangoni, Naomi akaniambia, "Nataka kwenda kuuona mji wa Bibi Hanna."

"Ujerumani?" nikasema. "Babu yangu alibebeshwa mizigo na Wajerumani vitani, akarudi bila viatu wala asante. Leo mimi nilipe nauli niende kuwatazama?"

"Basi nitakwenda peke yangu," akasema, akaufunga mlango taratibu.

Aliyenigeuza moyo ni binti yetu, Upendo. Mnamjua yule, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Alinitazama akasema, "Baba, huyu mama hajawahi kuomba kitu. Nenda naye."

Nikakubali. Lakini nilikuwa na hofu, na sikumwambia mtu. Wiki nzima, mchana na usiku, mimi na Naomi tu, bila saa ya kwenda kazini. Tutazungumza nini?

KIWANJA CHA NDEGE

Hofu yangu ilianza kutimia mapema. Siku ya kuondoka mvua ya radi iliipiga Toronto, ndege zote zikazuiwa. Tukakaa kwenye viti vya plastiki kama watu wawili wanaosubiri kuitwa na daktari. Habari za watoto zikaisha. Habari za kanisa zikaisha. Mimi nikasoma gazeti mpaka matangazo ya magari, yeye akatazama viatu vyake.

Kisha akafungua mkoba, akatoa maandazi.

"Samahani, ndugu zangu," sauti ikasema nyuma yetu. "Hayo yana iliki?"

Tukageuka. Alikuwa mzee wa Kihindi, nadhifu, na tai shingoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza hasa.

"Yana iliki," Naomi akasema. "Karibu, mzee."

"Basi mmeniua. Nimenusa kutoka kule kwenye dirisha."

Jina lake Mzee Sadru, anaishi mtaa wa Don Mills, naye alikuwa akienda kwa dada yake. Alikula la kwanza, akala la pili, akajipangusa vidole kwa leso, kisha akauliza, "Ninyi mmeoana miaka mingapi?"

Tulijibu pamoja, na kila mmoja akataja hesabu yake.

Mzee Sadru alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Haya sasa! Basi mmoja wenu alioa kabla ya mwenzake."

Naomi alihesabu tangu siku ya kanisani. Mimi nilihesabu tangu siku aliyokubali posa yangu, kwao Lushoto, ukungu umeshuka mpaka kizingitini. Nilieleza hivyo. Andazi la mwisho, alilokuwa amelishika, Naomi alilikata vipande viwili akanipa kikubwa.

KWENYE TRENI

Frankfurt sitaieleza, tulipita tu. Tulipanda treni kubwa kuelekea kaskazini, tukabadili, tukabadili tena, kila mara treni ikawa ndogo zaidi na abiria wakawa wakimya zaidi. Mwili wangu umezoea kulala mchana, kwa hiyo nilikuwa nimelala tangu tuondoke Frankfurt. Nilipofumbua macho Naomi ananitazama, mkono mdomoni.

"Kumbe siku hizi unakoroma!" akasema. "Miaka yote hii sikujua. Yule baba pale amehama kiti."

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Nilikuwa nasikiliza."

Treni ya mwisho ilikuwa ya mabehewa machache tu. Ilifika kwenye stesheni moja ya njia panda ikasimama. Kipaza sauti kikasema maneno marefu, watu kadhaa wakainuka wakahamia nyuma. Nikadhani wanafuata jua. Dirishani niliona kibanda cha chai. "Mama Upendo, ngoja nikuletee chai," nikasema, nikashuka kama nilivyo, na shati tu, koti nikaliacha kitini.

Mama wa kibanda hakuwa na haraka. Nilipopata vikombe vyangu viwili vya karatasi, filimbi ikapulizwa. Nikakimbilia mlango ulio karibu, wa mbele, nikiwaza nitapita ndani kwa ndani mpaka nimfikie. Treni ikaondoka. Nikapita behewa la kwanza. Nikapita la pili, naomba radhi kwa kila goti. Nikausukuma mlango wa mwisho kwa kiwiko.

Hapakuwa na behewa. Palikuwa na kioo tu, na nyuma ya kioo reli tupu, na mbali kabisa, kwenye stesheni tuliyoiacha, nusu ya treni yetu imesimama na mke wangu ndani yake.

Nikaita, "Naomi!" Jina lenyewe. Sikumbuki mara ya mwisho nililitaja hivyo, maana yeye kwangu ni Mama Upendo siku zote. Behewa zima likageuka kunitazama.

STESHENI NISIYOIJUA

Kumbe treni zile hugawanyika. Mbele inakwenda kwingine, nyuma inakwenda kwingine, na yale maneno marefu ya kipaza sauti ndiyo yaliyokuwa yakitwambia hivyo. Pasipoti, fedha, anwani ya nyumba ya wageni, vyote vilikuwa na Naomi. Mimi nilikuwa na chai.

Mkata tiketi alikuwa mama wa makamo, mnene, uso mkali. Nilimwambia kwa Kiingereza, hakukijua. Akanijibu kwa Kijerumani, kisha akajaribu Kirusi. Watu wa upande ule wa mashariki walisomeshwa Kirusi, wala si Kiingereza. Nikanyoosha kikombe kimoja, nikaonyesha nyuma, nikaonyesha pete yangu. Uso ukamlegea. Tulipofika stesheni iliyofuata akanishika mkono, akanishusha, naye akashuka pamoja nami kumtafuta mkuu wa stesheni.

Pale jukwaani walikuwepo vijana wawili wamenyoa vipara, wamevaa buti ndefu. Mnakumbuka maonyo mliyotupa kabla ya safari, kuhusu vijana wa namna hiyo wanaowapiga watu weusi, na upande ule wa Ujerumani. Walinitazama mimi, wakatazama vikombe, wakasema kitu wakacheka. Sikujiogopea mimi sana. Niliwaza: na Naomi je, yuko peke yake wapi, na nani anamtazama hivi? Yule mama alisogea akasimama kati yangu na wao, mikono kifuani, mpana kama kabati. Akakaa hivyo mpaka wakaondoka. Treni yake ikamsubiri, na hakuna abiria aliyepiga kelele.

Binti mmoja mwanafunzi aliyekuwa hapo alijua Kiingereza kidogo. Mkuu wa stesheni akashika simu apigie stesheni za upande wa pili, akauliza kupitia kwa binti: "Mke wako amevaa nini?"

Nikafungua mdomo. Gauni? Sketi? Kilemba alikivaa au alikivua? Nilikuwa nimekaa naye tangu jana.

"Sijui," nikasema.

Binti akatabasamu kwa upole. "Usijali, baba. Mji kama ule, yeye ataonekana tu, hatuhitaji rangi ya gauni."

Nikacheka, na machozi yakanitoka kwa wakati mmoja. Walinipandisha treni ya kurudi, wakaandika njia yangu kwenye kipande cha gazeti, na mkuu wa stesheni akanipigia saluti.

Naomi alikuwa kwenye benchi la stesheni ya Kwedi, masanduku yote yamemzunguka kama ukuta, koti langu magotini. Gauni lilikuwa la kijani, lenye maua meupe. Sitalisahau tena. Jua lilikuwa bado juu kidogo, na nilipomwona nilianza kukimbia, kisha nikakumbuka umri wangu nikatembea, kisha nikakimbia.

Alisimama. Alinitazama toka utosini mpaka miguuni.

"Chai yangu iko wapi?" akauliza.

Nilikuwa bado nimevishika vile vikombe. Sijui kwa nini sikuviweka chini. Tuliketi juu ya masanduku tukainywa, baridi kama maji ya mtoni. Alinieleza kwamba alifikiri nimeenda msalani, kisha alifikiri nimeanguka relini, kisha mtu mwenye kofia alimjia akasema maneno matatu ya Kijerumani: mume, chai, anakuja. La chai alilielewa, maana Bibi Hanna alilitaja kila asubuhi. Hayo mengine aliyaamini tu.

KWEDI

Mji wenyewe sasa. Ni mzuri, sitawadanganya, lakini ni mzuri kama mzee. Nyumba zimeinamiana vichochoroni kana kwamba zinanong'ona. Nyingine zimepakwa rangi mpya, nyingine zimezungushiwa viunzi vya mafundi, nyingine ni tupu, vioo vimevunjika, kwa sababu baada ya ukuta uliowagawa mashariki na magharibi kuanguka vijana wengi walihamia magharibi kutafuta kazi. Hayo tuliyajua bila kuelezwa. Sisi na uhamiaji tunafahamiana.

Asubuhi ya kwanza mama mwenye nyumba ya wageni alituletea mikate na sahani ya nyama nyekundu iliyosagwa, vitunguu juu yake. Naomi akaigusa kwa uma.

"Baba Upendo, hii ni mbichi."

"Labda wamesahau kuipika."

"Ni nguruwe. Mbichi."

Mama mwenye nyumba akatuonyesha: unapaka kwenye mkate, unakula. Akajipaka mwenyewe, akala, macho yamefumbwa kwa raha. Naomi akainuka, akaichukua sahani kwa heshima, akaenda nayo jikoni kwake. Nikasikia sauti mbili zikibishana kila moja kwa lugha yake, kisha mafuta yakilia. Alirudi nayo imekaangwa, ina pilipili manga. Yule mama akaja nyuma yake, amekasirika kabisa. Akaonja. Akaonja tena. Kesho yake alituletea nyama pamoja na kikaango.

Jambo lililonishangaza kuliko ngome na makanisa ni hili. Katika kichochoro kimoja lipu ilikuwa imebanduka ukutani, nikachungulia. Ndani niliona fito zimesukwa, na udongo uliochanganywa na majani makavu.

"Naomi! Njoo uone. Hawa watu wanakandika!"

Akaja, akaingiza kidole. Udongo ukamwagika kiganjani. Nyumba ya ghorofa tatu, mamia ya miaka, na ni fito na udongo kama ile niliyoikandika kwa mikono yangu kule kwetu Handeni nikiwa kijana. Na wamisheni wao ndio waliomwambia babu kwamba nyumba ya udongo si nyumba ya mtu mstaarabu! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naomi akaniambia niache, nitaiangusha.

KWA HANNA MWINGINE

Siku iliyofuata tulitafuta nyumba aliyozaliwa Bibi Hanna. Naomi alijua mambo mawili tu: ipo chini ya mwamba wa ngome, na boriti yake imechongwa nyota. Tukaenda chini ya mwamba. Kila nyumba ya pili ina nyota.

Fundi mmoja alikuwa juu ya kiunzi anapaka rangi. Naomi akamwonyesha nyumba, akasema, "Hanna?"

Fundi akafurahi. Akashuka, akamwita jirani, jirani akamwita mwenzake, wakazungumza kwa bidii, "Hanna, ja, Hanna!" yaani ndiyo. Wakatushika mikono, wakatupandisha ngazi za mbao zinazolia, wakabisha mlango.

Ndani palikuwa na sherehe. Maua, wazee wamevaa nguo za Jumapili, keki ya zambarau mezani. Na kwenye kiti kikubwa cha dirishani, bibi mdogo kama ndege, kumbe siku hiyo ni siku yake ya kuzaliwa.

"Hanna!" wakatuonyesha.

Naomi akaniinamia. "Huyu siye."

"Najua siye. Wako alifariki."

"Tutawaambiaje?"

"Kwa lugha gani?"

Bibi akatunyooshea mikono yote miwili. Alidhani tumekuja kumpongeza. Ungefanyaje? Tukampongeza.

Kisha jambo hili likatokea, na ndilo ninalotaka mlielewe. Yule bibi alikuwa ameketi vibaya, ameteleza upande, miguu imevimba na inaning'inia. Hakuna aliyeona. Naomi aliona. Alipiga magoti, akavuta kigoda, akaipandisha miguu mmoja mmoja. Akaweka mikono chini ya makwapa ya bibi, akamnong'oneza kitu kwa Kiswahili, "haya mama, pamoja, twende," akamwinua akamketisha sawa kwa mwendo mmoja laini, bila kumuumiza. Bibi akashusha pumzi ndefu. Keki ilipoletwa, mikono ya bibi ilitetemeka, uma ukamshinda. Naomi hakumlisha kama mtoto. Aliukamata uma juu ya vidole vyake, akasubiri mkono wa bibi uamue wenyewe, kisha wakaenda pamoja mpaka mdomoni.

Nilikuwa nimesimama na kofia mkononi. Miaka yote ile mke wangu alikuwa akienda kazini, na mimi sikuwahi kumwona akifanya kazi. Nilijua tu kwamba anarudi amechoka.

Baadaye alifika mjukuu aliyejua Kiingereza, mambo yakafafanuka, watu wakacheka sana. Naomi akamweleza habari za Bibi Hanna wa Toronto. Mjukuu akatafsiri. Bibi akafikiri.

"Anasema enzi zake kila nyumba ilikuwa na Hanna," mjukuu akatuambia. "Hamkumbuki huyo. Lakini anauliza, alikufa peke yake?"

"Hapana," Naomi akasema. "Nilikuwa naye. Nilimshika mkono mpaka ukapoa."

Nikageuka kumtazama. Hilo nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.

Mjukuu akatafsiri. Bibi akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Anasema, vizuri. Sasa kuleni keki."

NGOMENI

Jioni ile tulipanda ngomeni polepole, tukaketi kwenye ukuta, mapaa mekundu ya mji chini yetu.

"Hukuniambia kwamba ulikuwa naye," nikasema.

"Ulikuwa kazini. Nilifika nyumbani nikakaa jikoni, nikataka kusimulia. Nikaisimulia sufuria ya wali."

Akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Nilimwekea mkono mgongoni. Akasimulia. Bibi Hanna alisema nini mwishoni, aliomba dirisha lifunguliwe, theluji ikaingia, wakaipokea wote wawili. Kisha akasimulia wengine, wazee wote ambao nilikuwa sijui hata majina yao. Mimi nami nikamsimulia kiwanda, harufu ya mikate inavyochukiza ukiizoea, na jinsi ninavyotazama mlango kila zamu inapoisha. Ile hofu yangu ya kukosa la kusema, sijui ilitoka saa ngapi. Baridi ndiyo iliyotuinua.

"Tukirudi nitaomba zamu ya mchana," nikasema.

"Usiahidi kwa sababu ya keki."

"Si keki."

"Utaweza kuamka asubuhi?"

"Utaniamsha."

Alifikiri kidogo. "Nitakuamsha," akasema.

KURUDI

Kurudi hakukuwa na kisa, isipokuwa kwamba kila treni iliposimama Naomi alinishika mkanda wa suruali.

Tulipofika Toronto tulikuwa hoi. Tukasimama pamoja mbele ya ofisa wa uhamiaji, kijana, naye amechoka. Akafungua pasipoti zetu, akaniuliza bila kuinua macho, "Ujerumani ulikwenda kumtembelea nani?"

Nilitaka kusema nilitembea na mke wangu. Lakini kwa uchovu ule Kiingereza kiliniponyoka, nikasikia nimemjibu, "Nilimtembelea mke wangu."

Ofisa akainua macho. Akamtazama Naomi aliyesimama ubavuni pangu. Akanitazama mimi.

"Mke wako anaishi Ujerumani?"

"Hapana, anaishi hapa. Nami."

"Sasa ulikwenda kumtembelea vipi kule?"

Nikamgeukia Naomi anisaidie, maana Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kilemba, mabega yanamtikisika.

"Bwana ofisa," akasema hatimaye, "mwandikie hivyo hivyo."

Kijana akagonga mhuri.